Chupa ya Kumi na Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wamaitha alikuwa na kazi tatu: kupeleka maziwa barabarani, kuwafungulia kuku, na kugombana na ndama. Hiyo ya tatu hakuna aliyemtuma, lakini ndiyo iliyomchelewesha zaidi. Ndama huyo alipenda sweta ya shule kuliko nyasi, na Wamaitha alipofika Gredi ya Saba, mkono wa kushoto wa sweta yake ulikuwa umepungua vidole viwili.

"Wewe endelea kumchekea tu," baba yake alikuwa akimwambia. "Siku moja utafika gwaride umevaa kola peke yake."

Baba yake aliitwa Kihara. Alilima kabichi na kutengeneza mabomba ya watu yaliyopasuka, na katikati ya kabichi na mabomba alitania kila kilichopita mbele yake. Waliishi Ndabibi, katika shamba lililoteremka polepole hadi karibu na mafunjo ya Ziwa Naivasha. Nyumbani walikuwa watatu: Wamaitha, Kihara, na shosho, mama mzazi wa Kihara. Mama yake Wamaitha alikuwa ameolewa kwingine, huko Molo, na sauti yake ilifika kwa simu kila Jumapili.

Zamani Kihara alikuwa mlevi. Tuseme tu, kwa sababu Ndabibi nzima ilijua. Alikuwa mlevi wa kuimba njiani na kuamkia nguzo za stima. Kisha, miaka miwili iliyopita, akaacha. Hakuacha kwa kelele. Aliamka siku moja akaacha, na kesho yake akaacha tena, hivyo hivyo mpaka watu wakazoea. Shosho alisimama kanisani akashukuru kwa muda mrefu hata mhubiri akaitazama saa yake mara tatu.

Chini ya shamba lao kulikuwa na chemchemi ndogo, upana wake kama karai la kufulia. Ndani yake waliishi wanyama wadogo ajabu. Ukiwatazama haraka ungedhani mtu amemwaga punje za wimbi. Ukiinama vizuri ungeona kwamba hizo punje zina miguu.

Aliyeeleza wanafunzi kuhusu wanyama hao ni Daktari Nabalayo, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuja shuleni akiwa amevaa gambuti, akawaambia kwamba punje zile ni jamaa wa kaa na kamba, ila wao huishi ndani ya magamba mawili yanayofungika kama sanduku.

"Sasa daktari, hawa wanaliwa na ugali?" akauliza Abby. Abby alikuwa rafiki mkubwa wa Wamaitha, na haikuwezekana kipindi kipite bila yeye kutia chumvi.

"Ukipata wa kujaza kijiko kimoja, ugali nitapika mwenyewe," daktari akajibu, na darasa likacheka.

Kisha akatoa pakiti ya maziwa kwenye mkoba, akaonyesha mistari myeusi iliyochapwa ubavuni. "Dukani, keshia hatazami picha ya ng'ombe. Anapitisha mistari hii kwenye mashine, mashine inalia tii, na kompyuta inajua haya ni maziwa, si mtindi. Sawa? Sasa wanyama wetu hawa wanafanana mno. Weka aina mbili chini ya darubini, mtaalamu atakuna kichwa mpaka jioni. Kwa hiyo hatuziamini sura zao. Tunasoma DNA yao. Ndani ya kila kiumbe kuna maandishi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Tunachukua kipande kifupi, kilekile kwa kila mnyama, tunakisoma, halafu tunakilinganisha na maktaba ya vipande vilivyosomwa kote duniani. Kipande hicho tunakiita msimbopau."

Daktari alitaka watu wa kumchotea wanyama hao kila mwezi kwa mwaka mzima. Kihara aliposikia, alikuwa wa kwanza kuinua mkono kwenye mkutano wa wazazi. "Mimi maji ndiyo kazi yangu," akasema. "Isipokuwa sijawahi kuhesabu wenyeji wake."

Basi kazi ikaanza. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, Wamaitha, aliyekuwa katibu wa chama cha sayansi, alipewa na Mwalimu Kiptanui kichupa chenye spiriti. Jumamosi, yeye na baba yake walipiga magoti kwenye chemchemi, wakachuja maji kwa kitambaa chepesi, wakawatia wanyama kwenye spiriti ili wasioze na DNA yao isiharibike. Kihara aliandika kikaratasi kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ndani ya spiriti, akakikunja na kukitia ndani ya kichupa. Jumatatu kichupa kilirudi shuleni.

Kulikuwa na siri moja tu. "Shosho yako usimwambie ndani kuna nini," Kihara alimnong'oneza mara ya kwanza kabisa. "Akinusa spiriti mikononi mwangu atafunga kula wiki nzima akiniombea. Na unajua mzee yule akifunga, nasi tunafungishwa." Wakacheka. Tangu siku hiyo kichupa kililala stoo nyuma ya mabomba mpaka Jumatatu, na shosho alijua tu kwamba mwanawe na mjukuu wake walikwenda kuhesabu wadudu.

Vichupa vilifika kumi. Kisha ukaja mwezi wa Machi, na ziwa likaanza kupanda.

Halikupanda kwa fujo. Lilikuja hatua moja leo, hatua mbili kesho, likimeza mafunjo, kisha nyua, kisha mistari ya mwisho ya kabichi. Jumamosi ya kwanza ya Machi, maji ya ziwa yalikuwa yamebakiza hatua thelathini kuifikia chemchemi. Kihara na Wamaitha wakachota kichupa cha kumi na moja. Jumatatu na Jumanne Kihara alishinda majini mpaka kifuani, akiwasaidia majirani kung'oa nguzo zao kabla ziwa halijazichukua. Jumatano akakohoa. Ijumaa akapelekwa hospitalini Naivasha, na huko wakasema ni homa ya mapafu. Alhamisi iliyofuata hakuwa tena duniani.

Hata gari lililompeleka alilitania. "Naendeshwa kama mbunge," alimwambia Wamaitha kupitia dirishani. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomsikia akisema.

Walimzika juu ya shamba, mahali ambapo ziwa lisingefika. Wiki moja baada ya mazishi, Wamaitha aliteremka kutazama chemchemi, akakuta maji matupu, mapana, ya rangi ya chai. Alijaribu kukisia ilikuwa wapi. Hakuweza.

Kichupa cha kumi na moja kilikuwa bado stoo nyuma ya mabomba. Jumatatu ya kukirudisha ilikuwa imepita katika pilikapilika za mafuriko, na iliyofuata akiwa amekaa nje ya wodi. Wamaitha alikitoa, akakifuta vumbi kwa sketi. Ndani, wanyama walikuwa wametua chini kama mchanga, na kile kikaratasi kilikuwa kimeegemea kioo, kimeandikwa kwa mkono wa baba yake: *Kihara. 11.*

Hakukipeleka shule. Alikificha ndani ya sanduku lake la nguo. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alikitoa na kukishika tu. Huo ulikuwa mwandiko wa mwisho wa baba yake, nao ulikuwa umeandikwa magotini, siku ya jua, akiwa mzima.

"Wamaitha, pole sana kwa yote," Mwalimu Kiptanui alimwambia aliporudi shuleni. "Sitaki kukuharakisha. Lakini kile kichupa cha mwisho kiko wapi?"

"Kiko salama, mwalimu. Nitakileta."

Wiki iliyofuata akauliza tena, akajibiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu Wamaitha aliona haya kurudia, akasema, "Nimeshakiweka kabatini, mwalimu." Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la chama, kwa hiyo mwalimu aliamini na kwenda zake. Maneno yale yalitoka mdomoni kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe.

Siku mbili baadaye alirudi nyumbani, akaingia jikoni kutafuta chai. Kwenye kichanja cha vyombo, kati ya sufuria na vikombe, kichupa kilikuwa kimepinduliwa mdomo chini. Kilikuwa kimeoshwa kwa maji moto na sabuni. Kiling'aa.

Wamaitha alisimama kama aliyepigiliwa misumari.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwake, akichochea moto. Hakugeuka. "Nilikuwa natafuta nguo za kufua kwenye sanduku lako," akasema. "Nimeona ulichokuwa unamfichia baba yako."

"Shosho..."

"Nimekifungua. Nimenusa. Mimi najua harufu ya chang'aa, mtoto wangu. Nimeishi nayo ndani ya nyumba hii miaka kumi na minne." Alikoroga makaa pasipo na haja. "Nimeimwaga na machicha yake. Kikaratasi nimetia motoni. Kumbe alikuwa anakunywa, na mimi nasimama mbele ya watu kushukuru."

Wamaitha alifungua mdomo. Neno moja lingetosha. Angeweza kusema, *Ni spiriti ya shule*, na mambo yakaisha. Lakini alijua kitakachofuata: shosho angefunga kitambaa kichwani muda huohuo na kwenda shuleni kuomba radhi, kwa maana hiyo ndiyo tabia yake, na Mwalimu Kiptanui angesikia kwamba kichupa hakikuwahi kuingia kabatini. Tena, kilichokuwa ndani kilikuwa kimeshamwagwa. Kusema kungekirudisha?

Alifunga mdomo.

"Usimwambie mtu," shosho akasema kwa sauti ndogo. "Tumwache apumzike."

Jumapili ile familia ilitarajiwa kwenda mbele ya kanisa kuwashukuru waliowasaidia wakati wa mazishi, na shosho alipaswa kueleza jinsi mwanawe alivyoishi miaka yake miwili ya mwisho. Alipoitwa alisema koo linamuuma. Tangu hapo hakulitaja jina la Kihara. Ilipobidi kabisa, alisema "marehemu", kama mtu anayezungumza juu ya jirani wa mbali.

Shule ilikuwa karibu kufungwa, na dereva wa chuo kikuu angekuja Jumatatu kuchukua vichupa vyote. Basi Ijumaa, saa ya michezo, Wamaitha alikwenda nyuma ya shule kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Maji yake yalikuwa na punje zenye miguu, zinazofanana kabisa na zile za chemchemi. Alizichuja. Alitia spiriti kutoka kabatini ndani ya kile kichupa kilichooshwa. Akakata kikaratasi, akachukua penseli, akaiga mwandiko wa baba yake: *Kihara. 11.* Haukufanana, akarudia mara nne. Kisha akakiweka kichupa kabatini, mwishoni mwa safu, na sasa alichomwambia mwalimu kikawa kweli. Nusu.

Unaweza kumcheka kwa kudhani kwamba wanyama wasiosomeka kwa macho wasingesomeka kwa njia nyingine, na hali alikuwa amefundishwa somo lenyewe. Lakini mtu akiogopa, hata aliyoyaandika daftarini kwa mkono wake huyasahau.

Daktari Nabalayo alirudi mwezi wa Julai, na safari hii hakuvaa gambuti. Alifungua kompyuta mbele ya chama cha sayansi, na ukutani ukaonekana mchoro kama mti uliolazwa ubavu, wenye matawi na namba.

"Hizi hapa ni chupa kumi za kwanza za chemchemi ya marehemu Kihara," akasema. "Tazameni zilivyokaa pamoja kwenye tawi moja. Tulipolinganisha msimbopau wa wanyama wake na maktaba, hatukupata wa kufanana nao. Huenda ni aina ambayo hakuna mtu amewahi kuiandika."

Darasa likalipuka kwa makofi. Abby alimpiga Wamaitha kumbo. "Niaje, binti wa profesa!" Wamaitha alijaribu kutabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye tawi lingine, upande wa pili wa ukuta, ambako namba kumi na moja ilikaa peke yake.

Daktari alisubiri kelele zitulie. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari njema. "Kuna shida. Chupa ya kumi na moja. Nilipima wanyama ishirini kutoka ndani yake, na wote ni wale wa kawaida wa mabirika ya ng'ombe, tunaowapata kuanzia Gilgil mpaka Molo. Hakuna hata mmoja wa chemchemi. Wanyama hawawezi kubadilika wote namna hiyo ndani ya mwezi mmoja. Aliyechota hakuchota kwenye chemchemi."

Mwalimu Kiptanui alikohoa kidogo, akimtupia Wamaitha jicho la huruma.

"Nilimfahamu Kihara, na sisemi haya kwa furaha," daktari akaendelea. "Lakini chemchemi imezama. Siwezi kurudi kuchota tena ili nihakikishe. Mchotaji akishatiliwa shaka kwa chupa moja, nitajuaje kuhusu zile nyingine kumi? Nitalazimika kuziweka kando zote."

"Labda siku hiyo mzee alikuwa amepata kikombe," Abby akasema.

Alisema kama alivyozoea kusema kila kitu, haraka, kabla akili haijafika. Wachache walicheka. Kisha Abby akauona uso wa Wamaitha, akaweka mkono mdomoni. "Pole. Wama, pole, sikumaanisha..."

Wamaitha alikuwa amesimama. Hakukumbuka kuamua kusimama.

"Baba hakukosea," akasema. "Baba alichota kwenye chemchemi. Hiyo chupa ni yangu. Nilichota kwa birika hapo nyuma. Hata jina niliandika mimi."

Hakuna aliyecheka sasa. Aliyasema yote: sanduku, kichanja cha vyombo, spiriti ya kabatini, vikaratasi vinne vilivyotupwa. Alipomaliza, alitoa ufunguo wa kabati mfukoni, akauweka juu ya meza ya mwalimu.

Mwalimu Kiptanui aliutazama ule ufunguo. "Nilikuuliza mara tatu, Wamaitha," hatimaye akasema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Ufunguo nitakaa nao. Utaandika yote uliyosema, uweke sahihi, yaende na kumbukumbu za chupa. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Daktari Nabalayo alimwita nje, wakaenda wawili mpaka kwenye birika. Alichuja maji, akajaza kichupa kipya, akaandika kwa penseli mahali na tarehe.

"Neno lako peke yake halitoshi, unaelewa?" akasema. "Nitawapima hawa. Wakilingana na wa chupa ya kumi na moja, basi umesema kweli, na chupa kumi za baba yako zitabaki na jina lake. Lakini ya kumi na moja tutaandika imepotea."

"Hakuna namna ya kuirudisha?"

"Hakuna." Daktari alifunga kifuniko. "Nafasi tupu kwenye maktaba haimuumizi mtu. Atakayekuja ataona hapa hatujui, ataendelea kutafuta. Lakini jina la uongo, Wamaitha, linampoteza kila anayelisoma baada yako, na wengine hawajazaliwa. Huzuni yako naielewa. Nilipofiwa na mama, nilikataa kufua leso yake mwaka mzima. Kukificha kichupa ni huzuni. Kukijaza tena, hapo ndipo ulipokosea."

Majibu yalikuja wiki mbili baadaye kwa simu ya mwalimu: wanyama wa birika na wa chupa ya kumi na moja walikuwa walewale. Chupa kumi zikaingia kwenye kumbukumbu, na mbele ya kila moja ikaandikwa kwamba mchotaji ni Kihara wa Ndabibi. Lakini hayo yalikuwa bado. Jioni ya siku ile aliyokiri darasani, Wamaitha alikuwa na safari nyingine fupi, ya kutoka langoni mpaka jikoni, na ilimchosha kuliko zote.

Shosho alikuwa akimenya viazi. Wamaitha alikaa sakafuni karibu naye, akachukua kisu cha pili.

"Shosho, ile haikuwa chang'aa."

Kisu cha shosho kilisimama.

"Ilikuwa spiriti ya shule, ya kuhifadhi wale wadudu wa chemchemi. Machicha uliyomwaga ni wao. Kikaratasi ni baba aliandika, ni namba tu ya chupa. Alinikataza kukuambia kwa sababu alijua utaogopa. Na mimi siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mwalimu." Alikiweka kisu sakafuni. "Nilikuacha ukifikiria hivyo tangu mwezi wa nne. Nisamehe, shosho."

Mwanamke yule mzee alimtazama mjukuu wake. Kiazi kilimponyoka, kikabingirika mpaka chini ya kabati, na hakuna aliyekifuata. Nje, ndama alilia mara moja akanyamaza.

"Hakunywa?" shosho akauliza.

"Hakunywa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, shosho. Alikuwa akiifunga chupa ananawa mikono mpaka kwenye viwiko."

Shosho aliinua kona ya leso akajifunika uso. Alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, kwa muda mrefu, kilio ambacho hakuwa amekilia siku ya mazishi. Wamaitha hakujua la kufanya na mikono yake, basi akamshika mguu.

"Kihara," shosho akasema ndani ya leso. "Kihara wangu. Nimekuwa nikilala nimekukasirikia." Kisha akaongeza: "Na kazi yake nimemwaga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaosha na sabuni."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini pia sikuuliza. Nilinusa tu nikahukumu." Alifuta macho, akamgeukia mjukuu wake, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, isiyobembeleza. "Sikiliza, Wamaitha. Baba yako alinificha kitu kidogo ili nisihuzunike. Wewe ukaficha kikubwa zaidi ili usikaripiwe. Mimi nikaficha aibu ambayo haikuwapo. Sote watatu tulikuwa tunapendana, na ona tulikofika. Ungeniambia siku ileile, ningelia jioni moja. Nimelia miezi mitatu. Ukikosea, sema mapema, hata kama kilichomwagika hakizoleki. Hatuoni ndani ya kifua cha mtu, sisi. Tunategemea aseme."

"Nimesikia, shosho."

"Jumapili nitasimama kanisani. Nitawaambia nilichopaswa kuwaambia." Alichukua kiazi kingine. "Nitawaambia na la kwangu. Mhubiri atazame saa mpaka achoke."

Wamaitha alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Shosho alimvuta kichwa akakiegemeza gotini mwake, juu ya maganda ya viazi. Mwanga wa jioni uliingia mlangoni ukafika kwenye jiko ukaishia hapo.

Baada ya muda shosho akasema, "Mlikwenda huko kwenye maji mara ngapi, wewe na yeye?"

"Mara kumi na moja."

"Na mimi nilikuwa hapa jikoni, sikujua mnafanya nini." Alipapasa nywele za mjukuu wake. "Niambie, alikuwa anasema nini huko? Alikuwa anacheka? Usiruke hata siku moja. Anza na ile ya kwanza."

Wamaitha alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akaanza.